Kijiji Alichokiona Rispah

Kamukuywa,
14 Septemba 2024

Mdogo wangu Rispah,

Naomba radhi kwa kimya cha miezi minne. Sina udhuru wa kutosha. Sikuugua, sikukosa karatasi, wala Wanjala hakuacha kupita hapa kila wiki na lori lake la mahindi akielekea Kitale. Niliketi tu, nisiandike. Mwalimu aliyezoea kudai adabu kwa wengine hana budi kukiri yake inapopungua.

Hapa nyumbani tu wazima. Mke wangu, Mama Hesbon, anakusalimu na anasema mbegu za maharagwe ulizompa zimezaa kuliko za jirani. Hesbon amehamishiwa ofisi ya kilimo ya Myanga, na kila Ijumaa huja na mfuko wa nguo chafu kama mtoto wa shule ya bweni, ingawa ana umri wa miaka arobaini. Goti langu la kushoto huuma mvua inaponyesha, na mwaka huu mvua imenyesha sana. Mahindi yamesimama vizuri.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mwezi wa Juni, Wanjala alinyoosha simu yake kwenye dirisha la lori akaniambia, "Mwalimu, si huyu ni Mama Emmy? Ona vile amesimama kwa hiyo ukuta, kama malkia!" Nilitazama. Ulikuwa umesimama kwenye lango la kijiji cha mawe, juu ya mlima, huko Ufaransa. Ulivaa koti la buluu nisilolijua, na binti yako Emmy alikuwa amekushika mkono. Nilimrudishia Wanjala simu yake, nikamwambia kwamba taa ya nyuma ya lori haiwaki.

Hukuniambia kwamba unasafiri. Hukuniambia kwamba umerudi. Habari za dada yangu nimezipata kwa dereva wa lori.

Sikuandikii ili kulalamika. Nakuandikia kwa sababu nilifundisha darasa la saba kwa miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka niliwachorea watoto ubaoni kijiji cha namna hiyo: mlima, ukuta, lango, kanisa. Tena unajua kwamba shambani kwangu, nyuma ya mikaratusi, bado lipo handaki la lukoba, kijiji cha babu zetu kilichozungushiwa ukuta wa udongo. Ningependa kujua kama walichojenga watu wa Ufaransa kinastahili sifa zake. Andika kwa utaratibu. Anza langoni.

Kaka yako,
Khaemba


Kitale,
29 Septemba 2024

Kaka Khaemba,

Salamu nyingi kutoka Kitale. Barua yako nimeipata, imekunjwa vizuri kama cheti cha ubatizo. Mimi sijambo. Bado nauza mahindi na maharagwe katika kibanda kilekile. Mgongo unalalamika, lakini mikono ingali na nguvu. Jirani yangu Wangechi amepata mjukuu wa pili, na tangu siku hiyo hatupimi gunia bila kwanza kuonyeshwa picha. Msalimu Mama Hesbon. Mwambie asiwape majirani mbegu zile, zitaisha.

Kuhusu safari, ni kweli sikukuaga. Viza ilitoka ghafla, nami nikaondoka ghafla. Tuyaache hayo.

Kijiji kinaitwa Castelvire. Emmy anaishi mjini, chini bondeni, kando ya mto, karibu na nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi. Castelvire iko juu kabisa, na ukiitazama kutoka bondeni utadhani mawe ya mlima yameamua yenyewe kuwa nyumba. Magari hayaruhusiwi. Tulipanda kwa miguu, na nilipumzika mara nne.

Langoni nilisimama. Emmy akaniambia, "Mama, ingia basi. Kila mtu anaingia tu."

Nikamjibu, "Mtu haingii lukoba ya wenyewe bila kubisha." Nikapiga hodi. Hapakuwa na jibu. Nikapiga tena kwa sauti ya sokoni.

Wageni wengine waligeuka kunitazama. Bibi mmoja mzee akatoka mbio katika nyumba ya kwanza akiwa na mwiko mkononi, akidhani mtu ameanguka. Emmy alipomweleza, alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Alisema ameishi pale miaka themanini na miwili, na hajawahi kumsikia mgeni akibisha hodi kwenye lango la kijiji. Akatukaribisha kwake akatupa supu ya vitunguu. Jina lake ni Odette. Yeye ndiye aliyetupiga ile picha.

Ndani, njia ni nyembamba na zimetandikwa mawe. Nyumba zimeshikana, rangi yake kama ya unga wa mtama. Kanisa limejengwa likaegemea ukuta, kiasi kwamba mgongo wa kanisa ndio ukuta wenyewe. Ukisimama hapo juu unaona mashamba ya ngano hadi macho yachoke. Wakati wa baridi hubaki watu kumi na tisa tu. Katikati kuna uwanja, na upande mmoja lipo paa kubwa juu ya nguzo za mbao, ambalo lilikuwa soko lao la zamani. Chini ya paa hilo kuna mabakuli matatu ya mawe, kubwa, la kati na dogo, na kila moja lina tundu upande wa chini. Nilishika yote matatu nikacheka.

Basi, nimeanza langoni kama ulivyotaka.

Dadako,
Rispah


Kamukuywa,
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Rispah,

Nimefurahi kusikia kwamba mgongo ungali unakubeba. Sisi tumeanza kukata mahindi. Mama Hesbon ameficha mbegu zake, na majirani wamenuna.

Barua yako ina mapungufu. Supu ya vitunguu umeieleza vizuri, ila ukuta hukuupima. Mtu anayesafiri mbali kiasi hicho huenda na macho yaliyo wazi. Kwa hiyo nimekuandalia maswali kumi na saba katika karatasi ya pili. Jibu kwa kufuata namba. Ukuta una unene gani kwa hatua za mtu mzima? Lango linaelekea upande gani? Kisima kiko wapi, na kama hakuna, walikunywa maji gani walipozingirwa? Kutoka langoni hadi kanisani kuna ngazi ngapi? Kengele ni moja au mbili? Odette alivaa nini miguuni?

Usidhani kwamba nimeshangazwa na mambo hayo. Babu zetu walichimba handaki kwa majembe ya mti na kusimamisha ukuta wa udongo, na adui akasimama nje akikuna kichwa. Hawakuhitaji mlima. Hata hivyo hakuna mtu anayepanda ndege kuja kupigwa picha kwenye handaki langu.

Nitakwambia jambo moja, kisha ninyamaze. Emmy alipokuwa darasa la nne, akiishi hapa kwangu, aliketi mezani pangu akatazama mchoro wa kijiji kile katika kitabu cha jiografia. Akaniuliza, "Khocha, mtu akikaa ndani ya ukuta siku zote, hachoki?" Swali hilo aliniuliza mimi, mjomba wake. Wewe ulikuwa Kitale.

Kaka yako,
Khaemba


Kitale,
24 Novemba 2024

Kaka Khaemba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huu ni msimu wa mavuno, na magunia hayajui kwamba kuna mtu Kamukuywa anasubiri kujua kengele ni ngapi. Wangechi aliumwa na meno wiki mbili, nikawa nasimamia vibanda viwili. Sasa amepona na picha zimerudi.

Haya, chukua majibu yako. Unene wa ukuta ni hatua mbili zangu, sijui zako. Lango linatazama machweo. Kisima hakuna, walikusanya maji ya mvua katika shimo lililochongwa mwambani. Ngazi ni sitini na nane, Emmy alizihesabu. Kengele ni moja na ina ufa. Odette alivaa viatu vya mpira kama vya mkulima yeyote. Majibu mengine yako nyuma ya karatasi.

Sasa na mimi nina swali, moja tu. Haya yote ni ya nini? Kutoka kwako hadi kwangu ni mwendo wa saa moja. Ungekuja tukanywa chai, ukaniuliza ukitazama picha zote, kwa maana ninazo nyingi. Badala yake unaniandikia kama hakimu. Sikatai kuandika, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini najua kaka yangu anapouliza ili ajue, na safari hii huulizi hivyo.

Na kuhusu mimi kuwa Kitale Emmy alipokuwa darasa la nne, unajua vizuri kwa nini nilikuwa Kitale. Baba yake alikuwa amekufa na nilikuwa natafuta pa kusimama. Usiniandikie hivyo tena.

Dadako,
Rispah


Kitale,
11 Januari 2025

Kaka Khaemba,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Mama Hesbon na kwa Hesbon na mfuko wake wa nguo. Sikupata jibu la barua yangu ya Novemba. Krismasi pia ilipita bila neno lako. Nilidhani nimekukwaza, nikawa najilaumu. Sasa sijilaumu tena, na nitakueleza sababu.

Alhamisi Wanjala alileta mahindi kibandani kwangu. Alipomaliza kushusha gunia la mwisho akajifuta jasho, akacheka.

"Mama Emmy, Mwalimu ni moto, bana! Ati ameenda Ufaransa amerudi na hakuambia mtu!"

"Mwalimu gani?"

"Si kaka yako! Ametuambia yote kwa mkutano wa wanaume pale kanisani. Jumamosi tatu mfululizo. Lango, ngazi sitini na nane, kengele iko na ufa. Hata yule mama mzee wa supu. Ati Mwalimu alimaliza sahani mbili."

Wangechi aliacha kuhesabu magunia yake. Nikamuuliza Wanjala, "Na alisema alienda lini?"

"Mwezi wa tano. Si mlienda pamoja? Ile picha yako, si ni yeye alikupiga? Na vile nilimwonyesha akajifanya hajui kitu!"

Nilikaa juu ya gunia. Kisha nikamuuliza kama Mwalimu aliwaeleza habari za mabakuli ya mawe yaliyo sokoni.

"Eeh! Yale ya kunawa miguu. Ati huwezi kuingia hiyo soko kama hujanawa miguu, na maji machafu inatokea kwa ile shimo ya chini."

Kaka, yale si ya kunawa miguu. Ni gorogoro. Ni vipimo vya nafaka. Unaziba tundu kwa kibao, unamimina ngano mpaka ijae, mnunuzi anatazama, kisha unavuta kibao na ngano inashuka ndani ya gunia lake. Yamechongwa kwa mawe ili mfanyabiashara asiweze kuyabonyeza kitako, kama tunavyobonyezewa mikebe hapa Kitale. Ndiyo sababu nilicheka nilipoyashika. Sikukuandikia kazi yake kwa kuwa nilitaka uniulize. Uliuliza maswali kumi na saba hadi viatu vya Odette, lakini hilo hukuuliza, maana ungeonekana hujui.

Sikumwambia Wanjala lolote. Nilimwambia tu kwamba supu ilikuwa nzuri. Wangechi alinitazama akatikisa kichwa.

Nieleze wewe mwenyewe.

Dadako,
Rispah


Kamukuywa,
23 Februari 2025

Mdogo wangu Rispah,

Mama Hesbon hajambo. Hesbon hajambo. Mimi nilikuwa na homa kidogo mwanzoni mwa mwezi, imepita. Shamba limelimwa na linangoja mvua.

Wanjala alikwambia kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo.

Nitakueleza ulivyoanza, si kwa kujitetea. Mwezi wa Oktoba wanaume wa kanisa waliniomba niwaeleze habari za lukoba. Nilijiandaa siku nne. Nilipofika kwenye habari za handaki, mwenyekiti wetu Mukhisa akapiga miayo akasema, "Mwalimu, hiyo ya ukuta ya udongo tumesikia tangu tuzaliwe. Dada yako ndiye ameona ya ukweli. Si tungeita yeye?" Watu wakacheka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na ni nani aliyekwambia kwamba alikwenda peke yake?"

Rispah, walinyamaza wote. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijawahi kunyamaziwa hivyo. Jumamosi iliyofuata walikuja na viti kutoka nyumbani. Hakuna aliyejali kwamba mwezi wa tano aliniona shambani; wakauliza unene wa ukuta. Nami nikakuandikia wewe.

Nilijua kwamba ni kosa. Kila nilipofungua barua yako nilitafuta kwanza jambo la kuwasimulia, na baadaye ndipo nilipoona salamu. Ulipoandika kwamba Odette alicheka, niliwaambia kwamba alinicheka mimi. Nilipofika kwenye hodi yako niliichukua pia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mimi nisingebisha. Ningeingia nikiwa nimeshika daftari.

Jumamosi iliyopita Mukhisa akasema, "Leo Mwalimu atuletee pasipoti tuone muhuri." Wote wakashangilia. Walitaka kuuona tu, kama mtu anavyotaka kuona picha ya harusi. Sasa sikiliza jambo ambalo hata Mama Hesbon hakulijua: ninayo pasipoti. Niliichukua miaka mitatu iliyopita, Emmy alipopata kazi kule. Sikumwambia mtu. Nilidhani nitaihitaji.

Nilikwenda nyumbani nikaileta. Nilimpa Mukhisa. Akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akageuza, akatafuta hadi jalada la nyuma.

"Mbona hakuna kitu, Mwalimu?"

"Kwa sababu sikwenda. Nilisoma barua za dada yangu."

"Ati hukuenda?"

"Sikwenda."

"Na ile supu?"

"Hata supu."

"Na kunawa miguu, Mwalimu?"

"Ni gorogoro," nikasema, nikawaeleza ulivyonieleza. Hapo ndipo walipocheka, wakacheka hadi mzee Bramwel akakohoa na kupigwapigwa mgongoni. Tangu siku hiyo naitwa Mfaransa. Hata muuza maziwa huniambia, "Umeamkaje, Mfaransa?" Nastahili.

Nimemaliza langu. Sasa nauliza swali la kumi na nane, ambalo nilikuwa nikilificha nyuma ya mengine yote. Emmy alikaa kwangu miaka minane. Nilimfundisha kusoma. Nilimpeleka hospitali alipopata surua, nikiwa nimembeba mgongoni. Alipoondoka kwenda ng'ambo aliniahidi mbele ya mke wangu kwamba nitaona ukuta ule. Mbona hakuniita mimi?

Kaka yako,
Khaemba


Kitale,
9 Machi 2025

Kaka Khaemba,

Nimefurahi kwamba homa imepita. Huku mvua imeanza na watu wote wanatafuta mbegu. Wangechi amejifungia nyumbani na wajukuu wake, kwa hiyo kibanda kina utulivu na nimepata nafasi ya kuandika bila kusomewa begani.

Emmy alikuita wewe.

Januari ya mwaka jana alinipigia simu akasema, "Mama, mwaka huu nataka Khocha aje. Yeye ndiye alinionyesha ile picha kwa kitabu. Wewe utakuja mwaka ujao, sawa?" Aliniomba nikuambie, kwa sababu wewe simu yako huizima. Nikamjibu kwamba haiwezekani. Nilimwambia goti lako limeharibika kabisa, huwezi kupanda hata ngazi za kanisa, na kwamba ukiambiwa utaumia moyo bure. Nilimwambia asikutajie. Mtoto akalia, akaandika jina langu katika fomu ya mwaliko.

Sasa unajua kwa nini niliondoka bila kuaga.

Utaniuliza kwa nini. Ile miaka minane nilikuja Kamukuywa kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nashuka barabarani nikiwa na mkate na viatu. Emmy alikuwa akiniona, ananisalimu vizuri kwa mikono miwili kama ulivyomfundisha, kisha anakimbilia kwako kukuonyesha daftari lake. Mimi ninabaki nimesimama na mkate. Siku moja aliniita Shangazi kwa bahati mbaya, ukacheka. Ulisahau siku hiyohiyo. Mimi sijasahau.

Nilitaka wiki tatu, Kaka. Wiki tatu tu ambazo angenikimbilia mimi. Unajua nilipata nini? Tulipofika langoni akasema, "Khocha angependa hapa." Kanisani akasema, "Khocha angejua hii ni ya mwaka gani." Kwa Odette akaeleza habari za mwalimu mmoja wa Kamukuywa, mpaka bibi wa watu akaniuliza kama mwalimu huyo ndiye mume wangu. Nilikula supu ile nikiwa na hasira. Kwa hiyo uliposimama mbele ya wanaume ukajiweka pale, hukusema uongo mkubwa kama unavyofikiri. Ulikuwepo kila kona, na mimi nilichoka nawe.

Nimekukosea. Nakuomba msamaha, na sitaandika mengi juu yake kwa sababu nikiandika mengi nitaanza kujitetea.

Sasa habari mpya. Emmy ana mimba. Anatarajia kujifungua katikati ya Juni. Yeye na mumewe Kabiru wana chumba kimoja cha mgeni, na ofisi ya mji itaandika karatasi ya ukaribisho, ile ya kuombea viza, kwa mtu mmoja tu. Nimemweleza Emmy nilichofanya. Akasema, "Andikeni jina mnalokubaliana." Sikuthubutu kumsukuma aseme zaidi.

Fomu ni hii, nimeiweka ndani ya bahasha. Mahali pa jina nimepaacha wazi. Inatakiwa irudi kwangu kabla ya tarehe ishirini na tano Aprili.

Kwa desturi, mama ndiye anayekwenda kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Unalijua hilo, silisemi ili kukusukuma. Zamu yako niliichukua, na sasa nairudisha. Ukiandika jina lako sitanung'unika. Hapana, huo nao ni uongo. Nitanung'unika, lakini nitanung'unikia huku Kitale, hutasikia.

Dadako,
Rispah


Kamukuywa,
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Rispah,

Tumepanda ekari mbili na mahindi yameanza kuchungulia. Mama Hesbon alipiga vigelegele aliposikia habari za Emmy, na Hesbon ameagizwa atafute blanketi nzuri huko Myanga. Amefoka kwamba Ufaransa kuna blanketi. Mama yake amemwambia afunge mdomo.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nilikukasirikia, na sitakuficha. Jumanne nilipanda kilima cha nyuma ya kanisa bila fimbo, Mukhisa akiwa shahidi. Nilipumzika mara tatu. Andika hilo mahali.

Baadaye nilikaa pale juu na hasira ikapungua, ikabaki aibu. Siku ile ya Shangazi naikumbuka. Si kweli kwamba nilisahau. Nilicheka kwa sababu nilifurahi. Nilimpenda mtoto yule kama wangu, na nilipenda pia kwamba alinipenda kuliko wewe. Nilikuona umesimama na mkate, nikaendelea kusahihisha daftari. Kwa hiyo usidhani kwamba wivu huu ulianza na picha ya simu, wala kwamba ulianzia kwako.

Fomu iko mezani pangu. Nilipoileta nyumbani Mama Hesbon aliitazama, akanitazama mimi.

"Na wewe utafanya nini huko na mtoto mchanga? Utamfundisha historia?"

"Nitasaidia."

"Utasaidia nini? Hesbon alipozaliwa ulihamia kwa darasa ukalala kwa dawati."

Nilisubiri atoke kwenda kuteka maji, nikachukua penseli, nikaandika jina langu mahali pa jina, kwa mwandiko wangu bora. Limekaa vizuri. Nimelitazama kila asubuhi kwa siku tisa. Ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo, ningekuwa nimelifuta siku ya kwanza na kuandika lako. Sijalifuta. Nataka kuupanda mlima ule, Rispah. Nina umri wa miaka sabini na mmoja na nimeuchora kwa chaki zaidi ya mara thelathini. Mwakani huenda goti likawa kweli kama ulivyolisema.

Lakini Juni Emmy atakuwa kitandani katika nchi ya wageni, atashikwa na uchungu, na kuna mtu atakayemwita. Sijui ni nani kati yetu. Simu yangu nimeiwasha tangu Jumatatu na namba yake ninayo. Sijampigia nimwulize, kwa sababu anaweza kuniambia ukweli, na sijui ni upi ninaouogopa zaidi.

Karatasi iko mezani. Upande mmoja nimeweka kifutio, upande wa pili kalamu ya wino. Nikishaamua ni kipi nitakachokishika, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Kaka yako,
Khaemba